Bima imekataa kiti mwendo cha mama, wanasema "uhitaji wa kitabibu haujathibitishwa". Barua inaandikwaje?

BintiMbagala

Habarini wadau, naomba msaada kwa anayejua haya mambo maana mwezi wa pili huu nazunguka tu.

Mama yangu ana miaka 63, alipata stroki mwaka jana mwezi wa tisa, upande wa kulia wote ukalala. Alilazwa wiki tatu, tukatoka, tukaanza mazoezi. Namshukuru Mungu anaongea vizuri na akili ipo timamu kabisa ila mguu wa kulia haumbebi na mkono wa kulia haushiki kitu. Ndani anatembea kwa kushika ukuta, yani ukija kwetu utaona kwenye korido toka mlango wa chumba chake mpaka choo rangi imetoka mstari mzima, usawa wa kiuno, kuta zote mbili, huu wa kwendea na ule wa kurudia, ni mkono wake wa kushoto huo umepita hapo kila siku toka arudi nyumbani.

Toka mwezi wa kwanza ameshaanguka mara tatu. Ya mwisho ilikuwa alfajiri, alikaa chini pale koridoni mpaka adhana ilipolia nikaamka ndo namkuta, hakutaka kuniita kisa nilikuwa nimerudi kazini usiku. Ile siku nililia sana.

Mama ni mtegemezi wangu kwenye bima ya kazini, ni kampuni binafsi, sitaitaja. Dokta aliandika barua ya mistari miwili, kwamba mgonjwa ana kiharusi na anahitaji kiti mwendo. Nikapeleka na fomu yao. Siku 19 baadae jibu likaja "uhitaji wa kitabibu haujathibitishwa". Nikapiga simu, dada wa upande wa pili akaniambia kwenye faili imeandikwa mgonjwa anatembea. Na kweli kadi ya kliniki imeandikwa hivyo, "anatembea kwa msaada".

Sasa nauliza, barua inatakiwa iseme nini haswa? Inaandikwa na nani? Ninunue kwanza halafu nidai hela au nisubiri? Na kuna mtu kazini kanishauri nimwombe dokta aandike kwamba mama hawezi kutembea kabisa. Mi kudanganya sitaki, ila kumuona mama anaokotwa chini pia sitaki. Natanguliza shukrani.

Fizio_wa_Kitaa

Pole sana dada, na bimkubwa mpe pole zangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, mwaka wa 11 huu, barua za mistari miwili kama hiyo yako nakutana nazo kila wiki na karibu zote zinarudi.

Nianze na hilo la kudanganya, usifanye. Kadi inasema anatembea, barua ikija inasema hatembei, hapo hata mtu mwenye roho nzuri kule bima anafunga faili. Halafu hamna haja kabisa, ukweli wa mama yako unatosha na unazidi, tatizo ni kwamba haujaandikwa popote. Hebu angalia, hayo uliyotueleza hapa ya korido na ya alfajiri, yapo kwenye faili? Hayapo. Faili lina "kiharusi" na "anatembea kwa msaada" basi.

Bima hailipii jina la ugonjwa. Kuna watu wanapata stroki na baada ya miezi sita wamerudi kuendesha gari, wengine hawageuki kitandani, wote kadi zao zimeandikwa kiharusi. Sa yule anayesoma barua anatafuta vitu vingine: huyu mtu ndani ya siku yake anashindwa kufanya nini, kwa nini fimbo au woka (ile fremu ya kutembelea) haimtoshi, na kwa nini kiti hiki mnachoomba na sio kingine. Barua isiyojibu hayo matatu ni ya kurudishwa hata iwe na mihuri mitano.

Hilo neno "anatembea" ndo linalowaangusha wengi, kwa sababu halina namba. Anatembea mita ngapi, kwa muda gani, na akifika anakuwaje? Kwa hiyo rudi kwa fizio wake mwambie unataka tathmini ya mwendo iliyoandikwa. Kuna kipimo cha mita 10, anatembea umbali huo kwa kasi yake ya kawaida fizio akiwa na saa. Mtu akiwa chini ya mita 0.4 kwa sekunde, yani mita 10 zinamchukua zaidi ya sekunde 25, anahesabika wa kutembea ndani ya nyumba tu, hata akifika getini kwa shida. Kuna kingine cha kunyanyuka kwenye kiti, kwenda mita 3, kugeuka, kurudi na kukaa, hicho kikizidi sekunde 12 ni alama ya hatari ya kuanguka. Na kuna Barthel, ile ya shughuli 10 za kila siku, kula, kuoga, kuvaa, kwenda choo, kuhama kitandani, jumla yake alama 100. Nguvu za misuli nazo ziandikwe kwa daraja kuanzia 0 mpaka 5, sio "udhaifu" tu, udhaifu hata mimi ninao nikitoka zamu ya usiku.

Halafu tarehe za kuanguka. Zote tatu, saa, mahali, aliumia wapi. Kama hamkwenda hospitali ziandike mwenyewe kwenye karatasi uweke sahihi, na mwambie dokta aziingize kwenye kadi siku ya kliniki. Kuanguka ambako hakupo kwenye kadi, kwa bima hakukutokea.

Kwa nini woka haifai, hilo kwa mama yako ni sentensi moja tu: woka inashikwa kwa mikono miwili na wake wa kulia haushiki. Magongo hivyo hivyo. Fimbo ya miguu minne alishajaribu? Kama alijaribu mazoezini na bado akaanguka, andikeni alijaribu kuanzia lini mpaka lini. Watu wa bima wanapenda waone mmepanda ngazi toka chini, hamkurukia juu.

Mzee_wa_Madai

Asalaam aleykum. Nimefanya kazi idara ya madai ya bima miaka 9 kabla sijatoka kufungua biashara yangu, kwa hiyo nasema toka upande wa pili wa meza.

Mwanangu, kabla ya barua yoyote nenda HR ukaombe mkataba wa bima wa kampuni yenu, sio kile kipeperushi cha rangi, mkataba wenyewe na jedwali la mafao. Tafuta panapozungumzia vifaa saidizi, vingine wanaandika vifaa vya mifupa au viungo bandia. Angalia vitu viwili, kama kiti mwendo kimo au kimetajwa kwenye yasiyolipwa, na kama kimo kikomo chake ni shilingi ngapi kwa mwaka na ni kwa kila mtegemezi au kwa familia nzima. Kama kimetajwa kwenye yasiyolipwa basi barua nzuri kuliko zote duniani haitakusaidia, hapo njia ni mwajiri wako kuongea nao wakati wa kuhuisha mkataba. Nimeona watu wamehangaika miezi na kitu ambacho hakikuwemo toka siku ya kwanza, na aliyetakiwa kuwaambia hakuwaambia, inauma sana.

Ila kwako wewe wamejibu uhitaji haujathibitishwa, hawakusema hakimo. Hiyo ni dalili nzuri. Maana yake mlango haujafungwa, umeambiwa ulete ushahidi.

USINUNUE KWANZA. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Mikataba mingi inataka kibali kabla, ukinunua bila kibali unawapa sababu ya bure ya kukataa. Unachotakiwa kupeleka ni profoma ya duka, yani karatasi ya bei wanayokupa kabla hujanunua, na kama wana duka au hospitali wanayofanya nayo kazi profoma itoke huko. Profoma iandike aina ya kiti, vipimo na kila kitu cha nyongeza kwa mstari wake na bei yake, na ifanane neno kwa neno na barua ya fizio. Barua ikisema siti ya inchi 16 na profoma ikasema 18 faili linarudi, nimerudisha mwenyewe mengi. Wakilipa kwa mtindo wa kukurudishia hela hakikisha risiti ni ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ile ya kuandikwa kwa mkono hawapokei.

Na majibu yote dai kwa maandishi. Huyo dada wa kwenye simu alichokwambia hakipo kokote. Mwandikie barua pepe: naomba mnitajie kipengele cha mkataba mlichotumia na nyaraka gani zinakosekana. Wakijibu, hiyo orodha yao ndo mwongozo wako, unajibu kimoja kimoja.

Ukikata rufaa kwao ndani wakakataa tena bila sababu ya maana, kuna TIRA, yani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ipo kwa mujibu wa sheria ya bima ya 2009. Ila huko wanataka kwanza uonyeshe ulishalalamika kwenye kampuni yenyewe, ndo maana nasisitiza maandishi.

mama wawili

mi natumia NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, naomba kuuliza na huku ni hivyo hivyo au tofauti?

Mzee_wa_Madai

@mama wawili upande wa ushahidi ni ule ule, tathmini na barua. Njia ndo tofauti, kule mfuko unamlipa mtoa huduma sio wewe, kwa hiyo usiende dukani. Anzia kwenye dirisha la bima la hospitali unayotibiwa, uwaulize kifaa hicho kipo kwenye kifurushi chako na kinapitia kituo gani.

Gurudumu

Dada pole. Mimi natumia kiti mwaka wa 7 sasa, niliumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda maeneo ya Kimara. Nataka kusema kitu kimoja kwa uchungu kabisa, msiishie kwenye kuandika "kiti mwendo". Kiti mwendo sio kitu kimoja.

Kiti changu cha kwanza nilipewa msaada, nashukuru waliotoa, mioyo yao ilikuwa mizuri. Kilikuwa kiti cha hospitali, kile cha kumpeleka mgonjwa toka wodini kwenda eksirei, siti pana nusu nzima ya mtu mwingine angekaa pembeni yangu, kitambaa cha siti kimelegea katikati kama machela. Hakikuwa na mto wa kukalia. Mi chini sina hisia kwa hiyo sikusikia chochote. Mwezi wa tatu mama mkubwa wangu ndo kaona damu kwenye shuka. Kidonda cha mgandamizo, kilinilaza miezi minne kwa tumbo, kazi nikapoteza, na hela zilizoenda kwenye kusafisha kidonda zingenunua viti vizuri vitatu. Kwa hiyo mto sio starehe jamani, mto ni dawa. Uandikwe kwenye barua na sababu yake.

Na mazingira yenu. Mbagala mchanga naujua. Vile vigurudumu vidogo vya mbele vyembamba vinazama mchangani unabaki unazunguka hapo hapo. Kuna viti vyenye gurudumu la mbele kubwa na pana, na vingine vya matairi matatu vyenye gurudumu la mbele lililotokeza mbali, hivyo vinapita kwenye mchanga na mawe. Ila vile vya matatu ni virefu, ndani kwenye korido kugeuka shida. Sasa hapo inabidi mjue mama anakitumia wapi zaidi.

Pima mlango wa choo. Usipime ubao wa mlango, fungua mlango halafu pima uwazi unaobaki kati ya fremu na mlango wenyewe, wengi wanakosea hapo kiti kinafika hakiingii.

Na wengine mtakaosoma huu uzi, kama mtu ameumia akiwa kazini hiyo sio habari ya bima ya afya, nendeni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sheria yake ya 2008 na mfuko ulianza kazi 2015. Rafiki yangu aliangukiwa na tofali saiti, karibu mwaka mzima familia inachangishana na kumbe haki yake ilikuwa huko.

BintiMbagala

Jamani Mungu awabariki sana, nimesoma yote nikamsomea na mama.

Nimefanya hivi. HR wamenipa mkataba, vifaa saidizi vimo, kikomo kipo na kiti kinaingia. Nimeandika barua pepe bima wamejibu wanataka "ripoti ya kina ya tathmini". Jana tumeenda kwa fizio: mita 10 mama ametumia sekunde 46. Ile ya kunyanyuka na kurudi sekunde 58, na katikati fizio alimdaka. Barthel 45. Mguu wa kulia nguvu daraja la 2, mkono daraja la 1. Fimbo ya miguu minne alitumia wiki sita mazoezini na ile ya pili kuanguka alikuwa nayo mkononi, nilikuwa nimeisahau kabisa hiyo.

Nyumbani nimepima: toka kitandani mpaka choo hatua zangu 14, za mama nimehesabu 41. Uwazi wa mlango wa choo sm 66. Kizingiti cha mlango wa nje kina sm 9. Nje mchanga mpaka barabarani.

Fizio amenipa rasimu ila naona bado imekaa kikavu, inaanza hivi: "Mgonjwa ana udhaifu wa upande wa kulia kutokana na kiharusi na anapata ugumu wa kutembea umbali mrefu hivyo atanufaika na kiti mwendo." Iko sawa?

Fizio_wa_Kitaa

Hapana dada, hiyo sentensi ndo ya kuua barua nzima, na naomba mwenzangu asinielewe vibaya maana sote tumefundishwa kuandika hivyo. "Umbali mrefu" inamaanisha ndani hana shida, na mama yako shida yake inaanzia kitandani. "Atanufaika" inamaanisha bila hicho pia maisha yanaenda. Na "ugumu" hauna kipimo.

Mpelekee hii aipitie, abadilishe anavyoona yeye kwa sababu sahihi ni yake na amemuona mgonjwa, mimi sijamuona:

"Mgonjwa, miaka 63, ana kupooza upande wa kulia kulikobaki baada ya kiharusi. Nguvu mguu wa kulia 2/5, mkono wa kulia 1/5. Anatembea mita 10 kwa sekunde 46, sawa na mita 0.2 kwa sekunde, kwa kushika ukuta na akiwa na mtu wa kumsimamia. Hawezi kufika choo, bafu na sehemu ya kulia chakula kwa usalama ndani ya nyumba yake. Ameanguka mara tatu, tarehe zimeambatanishwa. Alitumia fimbo ya miguu minne kwa wiki sita chini ya uangalizi, akaanguka akiwa nayo. Woka na magongo havimfai kwa kuwa mkono wa kulia haushiki."

Baada ya hapo ndo kiti, na hapa msikilizeni sana Gurudumu. Kwa mtu aliyepooza upande mmoja, anaendesha kwa mkono mzima na mguu mzima, mguu wa kushoto unakanyaga chini unavuta. Kwa hiyo siti lazima iwe chini, inchi 17 hivi toka sakafuni. Viti vingi vya dukani ni 19 au 20, mama kama ni mfupi mguu unaning'inia, kiti kinakuwa cha kusukumwa tu na mtu mwingine. Apimwe toka nyuma ya goti mpaka kisigino akiwa na kandambili zake anazovaa nyumbani. Pa kukanyagia pa kushoto pawe panatoka, pa kulia pabaki kubeba ule mguu dhaifu. Breki ya kulia iwekewe mpini mrefu aifikie kwa mkono wa kushoto, hili watu wanalisahau, unamkuta mtu anafunga breki moja halafu akinyanyuka kiti kinazunguka anaanguka. Na pa kuegemeza mkono wa kulia, ule mkono ukining'inia bega linavutika linatoka mahali pake, maumivu yake usiombe.

Upana, apimwe nyonga akiwa amekaa. Kama siti ya inchi 16 inamtosha, kiti kizima kitakuwa sm 60 na kidogo, kinapita sm 66. Cha inchi 18 kinafika kama sm 66 chenyewe, hapo hakuna kitu. Hiyo sm 66 ya mlango iandikwe kwenye barua, ndo sababu ya kuchagua saizi.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa viti mwendo wa 2008 wanasema kiti kinachofaa ni kile kinachokidhi mahitaji ya mtumiaji na mazingira yake, kimemkaa sawa na kumshikilia mwili, ni salama na imara, na kinapatikana na kufanyiwa matengenezo hapa hapa nchini. Na wamepanga huduma hatua 8, tathmini ya pili, kuchagua kiti ya tatu, mambo ya hela ni hatua ya nne. Wengi tunaanza na ya nne. Kama fizio wako hana uzoefu wa viti aombe rufaa ya mtaalamu wa viti mwendo, hapa mjini hospitali ya CCBRT Msasani wanahusika sana na mambo ya ulemavu, na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha wataalamu wa hivi vifaa.

Shangazi_Ughaibuni

Nipo Marekani, nalea wazee kwenye nyumba za watu, naona mambo yanafanana sana nikaona nichangie. Huku bima ya serikali ya wazee inaitwa Medicare, nayo kiti inakipa kwa sharti kwamba mtu anakihitaji NDANI ya nyumba yake. Ukiandika anahitaji kwa ajili ya kwenda kanisani au sokoni wanakataa, hata kama ni kweli. Wanauliza shughuli za mwilini, kwenda choo, kula, kuvaa, kujisafisha, kuoga, ipi inashindikana. Na wana ile ngazi aliyosema fizio: fimbo na woka kwanza zionekane hazifai, ndo kiti cha mkono, ndo kile cha umeme, kila hatua uandike kwa nini ya chini yake haikutosha. Kwa kile cha umeme daktari lazima awe amemuona mgonjwa ana kwa ana ndani ya miezi 6 kabla ya kuagiza. Halafu hata wakikubali wanalipa asilimia 80 tu, 20 unabaki nayo wewe.

Kitu nilichojifunza kwa mzee ninayemlea, alikataliwa mara ya kwanza kwa sababu daktari alipomuuliza unaendeleaje alijibu naendelea vizuri. Wazee wetu ndo walivyo, akiulizwa na dokta anasema sijambo mwanangu. Na siku ya kliniki amelala vizuri, amekunywa dawa, anajikaza atembee mbele ya dokta. Ongea na mama kabla, mwambie aeleze siku yake mbaya inavyokuwa, hamsengenyi mtu wala hadanganyi, anamwambia dokta ugonjwa wake.

BintiMbagala

Shangazi hapo umenigusa maana mama alimwambia dokta hivyo hivyo, "sijambo mwanangu, najikongoja". Ndo likaandikwa anatembea kwa msaada.

BintiMbagala

Wadau narudi na mrejesho, wiki ya tano leo.

Tulipeleka barua mpya ya fizio kurasa mbili, dokta akaisaini na yeye, karatasi ya tarehe za kuanguka, profoma iliyofanana na barua mpaka kwenye mpini wa breki, picha ya mlango wa choo na futi kamba limewekwa, na picha ya ile mistari ukutani koridoni. Kuhusu picha ya ukuta fizio alisita kidogo mi nikaiweka tu. Siku ya 12 wamejibu, kiti kimekubaliwa na nyongeza zote za breki na mkono. Mto wameukataa, wameandika ni kifaa cha starehe.

Kiti kimefika Jumanne. Siku ya kwanza kulipita mzozo, mama hakutaka majirani wamuone, akasema sasa ndo nimekuwa mlemavu rasmi. Sikumjibu, nilikaa nae tu. Usiku nikasikia breki, klak ya kwanza, klak ya pili, nikatoka mbio nikamkuta ameshafika mlango wa choo mwenyewe, taa amewasha, ananiambia rudi ukalale.

Kizingiti fundi amemwaga zege la mteremko, mchanga bado tunausukuma kwa shida. Ninachoomba ni huo mto, kwa sasa amekalia godoro la sponji nimekata mwenyewe. Rufaa ya mto naandikaje?

Fizio_wa_Kitaa

Hongera sana dada, umenifurahisha mno, na bimkubwa mwambie nimempongeza kwa zile klak mbili.

Mto unaandikwa kama kinga ya kidonda: anakaa saa ngapi kwa siku, upande wa kulia hisia zimepungua kiasi gani, anaweza kujinyanyua mwenyewe au hawezi. Mwambie fizio apime hatari ya kidonda aweke alama, kipo kipimo kinaitwa Braden, kadiri alama zinavyokuwa chini ndo hatari inazidi, 18 kushuka chini tayari wanahesabu yuko hatarini. Na amnukuu mtengenezaji kama kile kiti kimetengenezwa kutumika na mto, hapo hawawezi kuita starehe.

Wakati unasubiri, sponji likishabonyea na kubaki na shimo litupe. Kila jioni mkague makalio na mfupa wa mkia, kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu hautauona, tafuta sehemu iliyozidi kuwa nyeusi, ya moto ukigusa au ngumu kuliko pembeni yake. Ukiiona apumzike upande mwingine, ikiwa haijaondoka kesho yake asubuhi asiikalie, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi.

Gurudumu

Dada nicheki inbox, nina mto wangu wa akiba mzima hautumiki, nakaa Tandika sio mbali, autumie mpaka wa kwake utoke.